Sura ya Saba: Mng'ao Hauuzwi Koponi

Mtu anayetaka kufufua fimbo ya pool iliyofubaa huanzia duka la rangi. Huuliza vanishi ipi inang'aa kuliko zote, hupewa kopo, na jioni hiyohiyo fimbo inapakwa. Ikiwa bado mbichi inapendeza mno. Siku ya pili inang'aa bado, ila ukiiweka chini ya taa ndefu ya tyubu, mstari wa taa unaoonekana juu yake umepindapinda na kingo zake zina ukungu. Zikipita wiki mbili tatu, michirizi ya mbao inaanza kujichora juu ya vanishi, vitundu vyake vinahesabika, na ule uzuri wa siku ya kwanza umebaki nusu. Mwenye fimbo huilaumu vanishi, hurudi dukani kutafuta ya bei kubwa zaidi, na mambo huenda vilevile.

Hoja ninayoitetea katika sura hii ni kwamba vanishi ile haikuwa na kosa, na hata ile ya bei kubwa haistahili sifa zote inazopewa. Mng'ao angavu, ule unaokuonyesha nondo za dirisha juu ya mbao zikiwa zimenyooka, ni hali ya uso kuwa sawa. Vanishi huleta mali ghafi ya kutengenezea uso huo. Usawa wenyewe huletwa na msasa na muda, na vyote viwili havimo koponi. Anayelielewa hili hubadili mpango mzima wa kazi: fedha za wastani kwenye vanishi, fedha zaidi kwenye msasa, na siku nyingi za kuiacha fimbo ikining'inia bila kuguswa.

Tuanze na mwanga wenyewe, kwa sababu yeye ndiye shahidi mkuu. Mwanga ukiangukia vanishi moja kwa moja, sehemu kubwa hupenya ndani na kiasi cha asilimia 4 tu hurudishwa na uso. Kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya vanishi moja na nyingine, kwani karibu zote, za asili na za viwandani, hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana na cha kioo cha dirisha, yaani kama 1.5. Wala hakitofautiani sana kati ya vanishi inayong'aa na isiyong'aa. Tofauti ipo katika mahali mwanga huo unapokwenda. Uso ukiwa sawa, mwanga wote hurudi kwa pembe moja, na jicho lililo kwenye njia yake huona taswira kamili ya taa. Uso ukiwa na vilima na mabonde, mwanga uleule hutawanyika kila upande na jicho huona weupe usio na umbo. Maji ya bwawa ni yaleyale wakati wa shwari na wakati wa upepo, lakini ni wakati wa shwari tu mti wa ukingoni unapoonekana ndani yake.

Vilima hivyo ni vidogo kuliko mtu anavyodhani. Wanafizikia hutumia kigezo kinachoitwa kwa jina la Lord Rayleigh wa Uingereza: uso unaotazamwa wima huhesabiwa kuwa laini pale kimo cha vilima vyake kinapokuwa chini ya sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga wa kijani una wimbi la nanomita 550 hivi, na moja ya nane yake ni kama nanomita 69. Unywele wa kichwani wenye unene wa maikroni 70 ni mnene mara elfu moja kuliko hapo. Ndiyo sababu mkwaruzo usiohisiwa na kidole huonekana na jicho, na ndiyo sababu kupapasa fimbo kwa kiganja na kusema imelainika ni kipimo kisichotosha. Kigezo hicho hulegea kadiri unavyotazama kwa mshazari, kwa hiyo karibu kila mbao huonekana inang'aa ukiinama na kuichungulia kutokea pembeni. Fimbo ipimwe kwa kutazamwa wima.

Kuna jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Chukua kipande cha mbao kilichopakwa na kung'aa vizuri, ukisugue kwa dakika moja kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya namba 0000. Mng'ao mkali unaondoka na kubaki uangavu wa hariri. Kemia ya vanishi haijabadilika hata chembe, wala unene wake haujapungua kwa kiasi cha kupimika kwa vyombo vya karakana. Kilichobadilika ni umbo la uso. Viwanda vinalijua jambo hili na vinalitumia. Vanishi isiyong'aa kwa kawaida huwa ni ileile inayong'aa, imeongezwa unga mwembamba sana wa silika ili tabaka linapokauka lijae vinundu vya kutawanya mwanga. Hata chombo cha maabara cha kupimia mng'ao hakiulizi vanishi ni ya aina gani. Hurusha mwanga kwa pembe maalumu, hupima kiasi kinachorudi kwa pembe hiyohiyo, na hulinganisha na kioo cheusi kilichosuguliwa ambacho alama yake ni 100.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi ni mpingo. Kwenye kijiji cha wachongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, kuna vinyago vinavyong'aa ambavyo havijawahi kuona vanishi. Vimesuguliwa kwa msasa mkavu kutoka ule mkali hadi ule laini, kisha vikapakwa nta kidogo na kufutwa kwa kitambaa. Mpingo una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, huzama majini, na vitundu vyake ni vidogo na vichache, kwa hiyo mbao yenyewe inaweza kusawazishwa hadi ikarudisha mwanga bila kuvalishwa kitu. Tena mpingo unafundisha jambo la pili. Ukiwa umetoka tu kwenye msasa mkali, una rangi ya kijivu ya majivu. Ukiendelea kuusugua, weusi unajitokeza. Hakuna rangi iliyoongezwa. Ile asilimia ndogo ya mwanga unaorudishwa na uso ilikuwa imetawanyika juu ya mbao nzima na kuufunika weusi wake kwa weupe; uso uliposawazishwa, mwanga huo ukakusanyika upande mmoja na weusi ukabaki peke yake. Kwa hiyo mng'ao wa kweli hauongezi tu kumetameta, unaifichua pia rangi ya mbao iliyo chini yake. Mtu aliyewahi kuona michirizi ya fimbo nzuri ikicheza huku na huku inapozungushwa chini ya taa anajua ninachokisema, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu pekee inayotosha kuihalalisha taabu yote hii.

Mpinzani wa kwanza atauliza: kama vanishi haina uzito mkubwa, mbona watu walivuka bahari kuitafuta? Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye pwani yetu. Katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini upande wa bara, mkabala na Zanzibar, ilihesabiwa miongoni mwa mali ghafi bora kabisa za vanishi duniani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliifuata hadi Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika kuwa balozi mdogo wa Marekani. Sandarusi ikapakiwa majahazini, ikasafishwa ng'ambo, ikapikwa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za thamani. Lakini wapaka magari wa zama hizo walifanya nini na vanishi hiyo bora? Walipaka tabaka juu ya tabaka, wakasugua kati ya tabaka na tabaka kwa unga wa jiwe jepesi la volkano na maji, wakasubiri, wakasugua tena. Gari moja lilikaa kwa wiki kadhaa. Ugumu wa sandarusi ulikuwa na thamani kubwa kwa sababu kitu kigumu husuguliwa hadi kikawa laini sana na kikabaki hivyo, ilhali kitu kisicho kigumu huchimbika na kujaa mikwaruzo upya. Ubora wa vanishi, kwa maneno mengine, ni uwezo wake wa kuvumilia kazi ya mkono. Hautoshi kuchukua nafasi ya kazi hiyo.

Sasa tuiangalie fimbo. Mbona vanishi isijisawazishe yenyewe, kama inavyofanya juu ya meza? Sababu ziko tatu, nayo ya kwanza ni kusinyaa. Vanishi ya laka iliyo tayari kupulizwa ina kitu kigumu kidogo tu, mara nyingi chini ya robo. Kilichobaki ni kiyeyushi ambacho hupaa na kwenda zake. Likiwa bado bichi, tabaka limejaza vitundu na kuwa sawa juu. Linapokauka hupoteza sehemu kubwa ya ujazo wake, na linapoteza zaidi pale lilipokuwa nene, yaani juu ya kila kitundu. Bonde linarudi. Ukipaka tena linarudi tena, dogo zaidi, lakini linarudi. Sababu ya pili ni mbao yenyewe. Fimbo nyingi za pool hutengenezwa kwa mepoli, ule mti wa Marekani Kaskazini ambao maji yake huchemshwa kuwa asali, na vitundu vyake ni vidogo. Fimbo za snuka za Kiingereza hutumia eshi, ambayo michirizi yake ina mifereji unayoweza kuihisi kwa ukucha. Mkerezaji wa hapa kwetu akitumia mninga, mvule au mkangazi, atakutana na vitundu vinavyoonekana kwa macho matupu. Sababu ya tatu ni umbo. Fimbo ni mviringo, wenye kipenyo cha kama milimita 30 kitakoni na milimita 13 nchani. Juu ya meza uzito huivuta vanishi mbichi kuelekea usawa. Juu ya mviringo huivuta kuelekea chini, ikatengeneza machozi upande mmoja na kuacha upande mwingine umekondeka. Watengenezaji wa fimbo huzikausha zikizunguka polepole kwenye mashine ya kukerezea, ili upande wa chini usibaki chini. Asiye na mashine anaweza kufunga fimbo kwenye mota yoyote ya mwendo wa polepole, au aining'inize wima na apake matabaka mepesi mno yasiyoweza kuteremka.

Kutokana na hayo matatu, mpango wa kazi unajieleza. Kwanza vanishi ya zamani itolewe yote. Hapa kuna hatari inayowapata wengi: fimbo nyingi za bei ndogo zina nakshi zilizochapwa kwenye karatasi au plastiki nyembamba iliyofichwa chini ya vanishi, na msasa ukizifikia zinaondoka bila kurudi. Ichunguze nakshi kabla ya kuanza. Nakshi ya mbao iliyopachikwa ina michirizi ya mbao ndani yake, ya kuchapwa ina nukta za wino. Uzi wa kitani wa kushikia ufunikwe kwa utepe, na kiungo cha skrubu kizibwe, kwa kuwa mbao tupu ya pale ikinywa maji huvimba. Kisha mbao isuguliwe hadi msasa wa P320 au P400. Wapo wanaoendelea hadi P1000 wakiamini wanatanguliza mng'ao, na hapo wanajipunja: mbao iliyosuguliwa kupita kiasi huipunguzia vanishi mahali pa kushika, na mikwaruzo ya P400 ikishajazwa kitu chenye kiwango cha kupinda mwanga kinachokaribia cha mbao, haionekani tena. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zilizolala zisimame, ikauke, uzikate kwa msasa uleule.

Baada ya hapo mashimo yajazwe kabla ya kuanza kuujenga mng'ao. Kuna sila ya msasa inayouzwa madukani, kuna epoksi nyembamba, na mafundi wa fimbo hutumia hata supaglu ya majimaji ikiwa fimbo inazunguka. Kwa mbao za jamii ya mpingo, hatua ya kuziba ina kazi nyingine: mafuta yaliyomo ndani yake huzuia vanishi ya mafuta kukauka, kwa sababu ukaukaji huo unategemea oksijeni na mbao hizo zina kemikali zinazouzuia. Zifutwe kwa asetoni, na zivalishwe tabaka jembamba la sheleki au epoksi kabla ya jambo lingine lolote. Vumbi la mbao hizo huwadhuru watu wengi ngozi na mapafu, kwa hiyo barakoa si hiari.

Halafu tabaka, msasa, tabaka. Katika hatua hii kuna alama moja ambayo, ukijifunza kuisoma, huhitaji mwalimu mwingine. Sugua tabaka lililokauka kwa msasa wa P600 uliozungushiwa kipande cha sponji ngumu, futa unga, kisha elekeza fimbo dirishani. Uso wote umekuwa mweupe wa chaki, isipokuwa vidoa vidogo vinavyong'aa: vingine vya mviringo, vingine virefu vikifuata mchirizi. Mgeni wa kazi huviona vidoa hivyo kuwa ndiyo sehemu nzuri zilizosalimika. Ukweli ni kinyume chake. Ni mabonde ambayo msasa haukuyafikia, na kila kimoja kitaonekana kama kasoro siku ya mwisho. Vikiwa vingi, usiendelee kukata, maana kila tabaka la laka likikauka huwa na unene wa kama maikroni 25 na utaifikia mbao kabla ya kuyafikia mabonde. Paka tena tabaka mbili tatu, usugue tena. Siku uso mzima utakapokuwa mweupe bila kidoa, ndiyo siku ambayo kusawazisha kumekwisha. Fimbo ikiwa haina mng'ao hata kidogo, ndipo imefika karibu nao zaidi.

Kisha kusubiri, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibiwa. Laka hukauka juu kwa dakika chache na kumdanganya mtu kwamba iko tayari. Kiyeyushi kilichonaswa chini hutoka kwa wiki nyingi, na kadiri kinavyotoka tabaka linaendelea kusinyaa. Anayesugua na kupiga polishi siku ya tatu anasawazisha uso ambao haujamaliza kusogea. Atapata mng'ao mzuri, na mwezi ujao mbao itauchora upya. Kwa laka ya nitroselulosi, wiki mbili hadi nne ni muda wa busara, na kipimo kizuri ni pua: sogeza fimbo karibu kabisa na uinuse. Ikinuka thina, bado. (Nitroselulosi hiyo ina undugu na biliadi yenyewe. Seluloidi, iliyotokana nayo, ilipewa hataza Marekani mwaka 1870 kwa John Wesley Hyatt, aliyekuwa akitafuta kibadala cha pembe za ndovu za kutengenezea mipira ya mchezo huo, pembe ambazo nyingi zilipita Bagamoyo na Unguja.)

Kwa wakazi wa pwani kuna adui wa ziada. Kiyeyushi kinapopaa huchukua joto la uso, na uso ukipoa chini ya kiwango fulani, unyevu wa hewani hugeuka umande juu ya laka iliyo bado mbichi. Matokeo ni ukungu mweupe ulionaswa ndani ya tabaka. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar wakati wa masika, jambo hili hutokea karibu kila siku kwa anayepuliza jioni. Apulize jua likiwa limepanda na hewa imekauka, atumie thina inayopaa taratibu, na apulize tabaka jepesi. Ukungu ukishatokea, mara nyingi huondoka kwa kupulizia thina hiyo ya taratibu kidogo tu, tabaka likalainika na unyevu ukapata njia ya kutoka.

Pingamizi zito zaidi linatoka gereji. Mafundi wa rangi za magari wana vanishi ya kuchanganya na hadina, wanaiita klia, na gari likitoka kwenye chumba cha kupulizia linang'aa papo hapo bila msasa. Je, hilo halivunji hoja yote? Linaipunguza, na ni haki kukiri. Klia ya hadina ina kitu kigumu kingi zaidi, hukaa majimaji kwa muda wa kutosha kujisawazisha, na hukauka kwa kuungana kikemia badala ya kupoteza kiyeyushi tu, kwa hiyo husinyaa kidogo. Kwa fimbo ni chaguo zuri, na huvumilia jasho na pombe iliyomwagika kuliko laka au sheleki. Lakini itazame kwa karibu ikiwa imetoka tu kupulizwa: ina mawimbi madogo ambayo mafundi huyaita ganda la chungwa, na ina chembe za vumbi. Kwenye mlango wa gari unaotazamwa kutoka hatua tatu hayo yanasameheka. Kwenye fimbo inayoshikwa mkononi na kuzungushwa chini ya taa ya meza, hayafichiki, na fundi mzuri wa gari ghali huisugua klia hiyohiyo na kuipiga polishi. Tena matabaka yake yakishakauka hayayeyushani kama ya laka, kwa hiyo ukilitoboa moja kwa msasa unabaki mstari wa duara usiofutika. Na liko jambo la afya: hadina hiyo ina aisosianeti, ambayo mvuke na ukungu wake husababisha pumu inayoweza kudumu maisha yote. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Asiye na kifaa cha kuletewa hewa safi amwachie kazi hiyo mwenye nacho.

Wengine husema tabaka moja nene linatosha, likamwagwa na kuachwa. Kwenye epoksi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo inawezekana, ikiwa fimbo inazunguka mpaka igande. Kwenye laka au vanishi ya mafuta ni kujitafutia hasara: juu kunafunga ngozi kabla ya chini kukauka, kisha ngozi hukunjamana au hubaki laini kwa miezi.

Hatua ya mwisho ni fupi kama zilizotangulia zilifanywa sawasawa. Msasa wa maji wa P1000 una chembe za maikroni 18 hivi, P1500 kama 13, P2000 kama 10. Kazi ya kila namba ni kuifuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na kazi hiyo haiwezi kurukwa: polishi hukata kidogo mno, na mkwaruzo wa P600 ulioachwa nyuma utabaki chini ya mng'ao siku zote. Njia ya kuhakikisha ni kubadili mwelekeo. Fimbo ikiwa inazunguka msasa huacha mikwaruzo ya duara. Isimamishe, usugue kwa urefu kwa namba inayofuata mpaka duara zote ziishe, ndipo uendelee. Maji yawe kidogo, yenye tone la sabuni, na yasikaribie kiungo. Baada ya P2000 huja kompaundi ya kukatia kwenye kitambaa safi cha pamba, kisha polishi laini kwenye kitambaa kingine ambacho hakijawahi kugusa kompaundi. Mkono uende polepole, kwani msuguano huzaa joto, na laka iliyopata joto hulainika na kukwaruzika upya.

Linabaki pingamizi la mchezaji, ambaye hajali taswira ya dirisha bali mkono wake. Anasema fimbo inayong'aa inanata. Ana haki kamili, ila kwa nusu ya mbele tu. Ngozi yenye jasho hushikana na uso laini mno kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya ngozi inagusana nao, na fimbo inayopaswa kuteleza kati ya vidole hukwama katikati ya shuti. Kwa hiyo nusu ya mbele isivishwe mng'ao kabisa. Isuguliwe kwa P600 kisha P1000 bila kupunguza kipenyo chake, izibwe kwa nta kidogo sana, halafu isuguliwe kwa kipande cha ngozi mpaka ipate joto, ili nyuzi zake zilale na kufunga. Jasho na chaki viondolewe kwa kitambaa chenye unyevu na fimbo ikaushwe papo hapo, na nta irudiwe inapoanza kukauka. Nusu ya nyuma, ambayo mkono hautelezi juu yake bali unaishika, haina shida hiyo, na hapo vanishi inafanya pia kazi ya kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka kwenye mbao.

Mpaka kati ya nusu hizo mbili uwe pete ya kiungo, na vanishi isivuke kamwe hadi kwenye uso ambao vipande viwili hukutania. Uso huo una kipenyo cha kama milimita 21. Tabaka moja la maikroni 25 likibaki upande mmoja tu wa duara hilo, kipande cha mbele kinainama kwa kiasi ambacho, kikifika nchani umbali wa sentimita 74, ni karibu milimita moja. Fimbo ikiviringishwa mezani utaiona ncha ikipanda na kushuka, na mwenye fimbo ataamini mbao imepinda. Kabla ya kufikia hukumu hiyo, fungua kiungo, pitisha kisu kidogo kwenye ukingo wake, kwangua vanishi iliyomwagikia ndani, funga tena, na uviringishe upya.